Thamani ya Mali Ghalani Isipolingana: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kurekebisha

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahasibu na watunza ghala wa maduka ya jumla ya Mtwara, Masasi, Newala na Lindi, yaani biashara ambazo ndani ya mwaka mmoja huweka saruji, nondo, salfa ya mikorosho, magunia na pengine korosho au ufuta chini ya paa moja. Unachukulia kwamba mali huingizwa katika programu ya kompyuta inayokokotoa upya gharama ya wastani kila mzigo unapopokelewa. Anayetumia utaratibu wa mali iliyoingia kwanza kutoka kwanza atakuta sehemu kubwa ya dalili ni zilezile. Utaratibu wa mali iliyoingia mwisho kutoka kwanza haukubaliwi na kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2, kwa hiyo ukiukuta umechaguliwa katika mipangilio ya programu, shughulikia hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Kabla ya kugusa chochote

Toa ripoti tatu: muhtasari wa thamani ya mali, mchanganuo wa miamala ya kila bidhaa, na salio la akaunti ya mali ghalani katika leja kuu. Zote ziwe za tarehe moja na zitolewe duka likiwa limefungwa, kwa sababu ripoti ya saa nne asubuhi haiwezi kulinganishwa na leja iliyosomwa saa kumi jioni huku wauzaji wakiendelea kukata risiti. Hakikisha pia kwamba muhtasari umejumuisha maghala yote, bidhaa zenye idadi hasi, na zile zilizositishwa kuuzwa. Programu nyingi huficha bidhaa zilizositishwa hata kama bado zina thamani, na wapo waliokesha wakitafuta tofauti ambayo ilikuwa katika kisanduku kimoja kisichowekwa alama.

Jambo la pili ni katazo. Usiandike marekebisho yoyote kabla ya kujua tofauti ilizaliwa siku gani na kwa hati ipi. Marekebisho ya haraka hulazimisha jumla zikubaliane leo, lakini chanzo hubaki palepale, na mwezi unaofuata utakuwa na tofauti mbili: ile ya awali iliyorudi, na ile uliyoitengeneza mwenyewe.

Ripoti ya thamani inataja kiasi kimoja, leja inataja kingine

Njia ya uhakika ya kutafuta tofauti ya aina hii ni kurudi nyuma kwa tarehe. Toa muhtasari wa thamani na salio la leja kwa siku ya mwisho ya kila mwezi, ukianzia mwezi wa karibuni, mpaka ufikie mwezi ambao vyote viwili vilikubaliana. Mwezi unaofuata huo ndio wenye kosa. Ugawe katikati, angalia tarehe 15. Vikikubaliana, kosa liko katika nusu ya pili, na visipokubaliana liko katika nusu ya kwanza. Endelea kugawa hivyo hadi ubaki na siku moja. Kazi inayoonekana ya wiki nzima humalizika kwa kutoa ripoti chache, na ukishaipata siku yenyewe, hati zake huwa si nyingi.

Siku hiyo ikipatikana, tazama kwanza kama kuna voucha iliyoandikwa moja kwa moja katika akaunti ya mali ghalani bila kupitia bidhaa yoyote. Voucha ya namna hiyo hubadilisha leja, lakini haibadilishi ripoti ya thamani, kwa kuwa ripoti husoma miamala ya bidhaa peke yake. Mara nyingi huandikwa kwa nia njema: mtu alilipa vibarua wa kushusha mzigo akaona gharama hiyo ni ya mali, akaiweka katika akaunti ya mali. Wazo lake ni sahihi, ila njia aliyopita ndiyo iliyoleta tofauti. Ifute voucha hiyo, kisha gharama yenyewe iingizwe kupitia hati ya mapokezi ya mzigo unaohusika. Baada ya hapo ifunge akaunti ya mali ghalani ili isikubali maandishi ya mkono, kama programu inaruhusu.

Chanzo cha pili ni mzigo uliopokelewa bila ankara, au ankara iliyoingizwa kabla ya mzigo kufika. Hili la pili ni la kawaida kwetu, kwa sababu mali nyingi hutoka Dar es Salaam kwa barabara ya zaidi ya kilomita 500, na ankara hufika kwa simu siku ileile lori linapopakiwa. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024 na barabara ya kusini kukatika maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, mizigo ilikwama njiani ilhali hati zake zilikwisha kufika. Swali la kujiuliza katika hali kama hiyo ni hatari ya mzigo, yaani hasara ukipotea au kuharibika, inahamia kwako wapi. Kama makubaliano yanasema mzigo ni wako tangu unapopakiwa Dar es Salaam, ni mali yako hata ukiwa porini, na unapaswa kuonekana katika ghala la njiani, ambalo ni ghala la kwenye programu tu lisilo na mlango wala kufuli. Kama makubaliano ni kwamba mzigo ni wako ukishashushwa Mtwara, usiuhesabu hata kama umeshalipia. Ulicholipa ni malipo ya awali kwa muuzaji, na yanakaa katika akaunti nyingine.

Uhamisho kati ya maghala yako mwenyewe hufuata mantiki hiyohiyo. Mzigo uliotoka Mtwara ukaenda Masasi bila mtu wa Masasi kuthibitisha mapokezi hautaonekana kokote, na jumla ya thamani itapungua bila mauzo yoyote kufanyika. Ghala la njiani lisipokuwa tupu mwisho wa mwezi, kila mstari uliobaki humo uwe na jina la lori na dereva.

Mfuko wa saruji unaonekana kugharimu shilingi 64,000

Dalili hii hushtua, lakini chanzo chake ni kimoja karibu kila mara: mali iliuzwa kabla ya kupokelewa katika programu. Hutokea zaidi baada ya malipo ya korosho kuingia, watu wanapoanza kujenga, na saruji inashuka kwenye lori na kupanda kwenye bajaji za wateja bila kukanyaga sakafu ya ghala. Mtunza ghala ukimuuliza hujibu, "Mhasibu, mzigo upo, karatasi ndiyo haijafika." Anasema kweli, na ndiyo maana idadi huwa sawa siku inayofuata. Kinachoharibika ni thamani.

Tuchukue mfano. Ghalani hakuna mfuko hata mmoja, na gharama ya mwisho ilikuwa shilingi 14,000. Wauzaji wanauza mifuko 98 kutoka kwenye lori. Programu inaandika idadi hasi 98 na thamani hasi 1,372,000. Jioni mapokezi ya mifuko 100 yanaingizwa kwa bei mpya ya 15,000, yaani thamani ya 1,500,000. Baki ni mifuko 2 yenye thamani ya 128,000, na programu inagawa: kila mfuko 64,000. Thamani sahihi ya mifuko hiyo miwili ni 30,000. Ziada ya 98,000 ni shilingi elfu moja kwa kila mfuko kati ya ile 98, ambayo ilipaswa kuwa sehemu ya gharama ya mauzo ya siku hiyo. Kwa maneno mengine, faida ya siku hiyo imeonyeshwa kubwa kuliko ilivyo, na mteja atakayenunua mifuko miwili ya mwisho ataonekana amekutia hasara.

Baadhi ya programu hulisahihisha jambo hili zenyewe mapokezi yanapoingia, nyingine haziligusi. Njia ya kujua yako ni ya aina gani ni kuunda bidhaa ya majaribio na kurudia mfano huu. Tiba ni kupanga upya saa za hati, ili mapokezi yatangulie mauzo ndani ya siku ileile, kisha kuiagiza programu ikokotoe gharama upya kuanzia tarehe hiyo. Kinga ni kuizuia programu isiuze mali isiyokuwepo. Najua wauzaji hulalamika foleni inapokuwa ndefu, na mwenye duka huombwa aondoe kizuizi "kwa leo tu". Bora mtu mmoja akae na kompyuta au simu pale lori linaposhushia, aingize mapokezi kwa kutumia hati ya mzigo ya dereva kabla ya mfuko wa kwanza kuuzwa.

Ili kuzipata bidhaa zote zilizougua hivi, panga muhtasari wa thamani kwa gharama ya kimoja, kisha uilinganishe na bei ya kununulia ya mwisho. Gharama ya wastani haiwezi kuwa juu ya bei ya juu kabisa uliyowahi kununulia pamoja na usafiri wake, wala chini ya bei ya chini kabisa. Bidhaa yoyote inayovuka mipaka hiyo ina kosa, hata kama idadi yake imehesabiwa na kukutwa sawa. Hali ya idadi sifuri yenye thamani iliyobaki, au idadi iliyopo yenye thamani sifuri, ni ndugu wa tatizo hilihili. Isipokuwa pale ambapo muuzaji alikupa zawadi ya katoni moja kwa kila kumi: hapo igawanye gharama ya katoni kumi kwa kumi na moja, usiiache ya zawadi ikiwa na bei ya sifuri katika mstari wake.

Nondo zipo kwenye ripoti, hazipo kwenye rundo

Mali inayonunuliwa kwa kipimo kimoja na kuuzwa kwa kingine huficha hasara bila mtu kuiba. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa kawaida wa kilo 0.888 kwa mita, hivyo kipande cha mita 12 ni kama kilo 10.66, na tani moja hutoa takribani vipande 94. Kama aliyefungua bidhaa hiyo katika programu aliandika kwamba tani ni vipande 100 kwa kupenda namba nzima, tani iliyonunuliwa kwa 2,400,000 itagawanywa kuwa 24,000 kwa kipande badala ya karibu 25,530. Ukiuza vipande vyote 94 vilivyopo, ripoti itabaki na vipande 6 vya hewa vyenye thamani ya 144,000. Ukiona upungufu unaongezeka kwa uwiano na manunuzi, vipande sita kwa kila tani, shuku kipimo kabla ya kumshuku mlinzi.

Misumari ya katoni inayouzwa kwa kilo na mabomba ya rola yanayokatwa kwa mita yana ugonjwa huohuo. Kuna na lingine dogo: nondo halisi huweza kutofautiana kidogo na uzito wa kawaida, hivyo mapokezi yaandikwe kwa vipande vilivyohesabiwa, na fedha ya ankara igawanywe kwa hesabu hiyo.

Thamani imezidi kwa asilimia ileile kila mahali

Chukua thamani iliyo kwenye ripoti, toa thamani unayoamini ni sahihi kutoka kwenye ankara, kisha gawa tofauti kwa thamani hiyo sahihi. Jibu likiwa 0.18 au karibu nayo, basi Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo ni asilimia 18, imeingizwa ndani ya gharama. Biashara iliyosajiliwa kwa kodi hiyo na inayorejeshewa kodi ya manunuzi haipaswi kuihesabu kuwa sehemu ya mali. Biashara isiyosajiliwa inapaswa, kwa sababu fedha hiyo hairudi. Kosa hutokea hasa pale karani anapoingiza jumla ya chini ya risiti ya mashine ya kodi (EFD) badala ya kiasi kabla ya kodi.

Upande wa pili wa shilingi ni usafiri ulioachwa nje. Kusafirisha mzigo hadi ghalani ni sehemu ya gharama ya mali, na asiyeuingiza atapanga bei ya kuuzia akidhani ana faida ambayo nauli ya lori imeshaimeza. Ugumu uko katika kugawa. Lori likibeba bati, rangi na vitasa vya milango, na nauli ikagawanywa kwa thamani ya bidhaa, kitasa kidogo cha bei kubwa kitabeba nauli ya bati. Kwa kuwa wenye malori hutoza kwa tani, naona kugawa kwa uzito ni haki zaidi kwa biashara za huku. La msingi ni kuchagua njia moja na kuishikilia. Usafirishaji wa mali iliyokwisha kuuzwa kwenda kwa mteja hauingii humu, hiyo ni gharama ya kuuzia.

Thamani ya ghala inaruka ghafla mwezi Oktoba

Huo ni mwezi ambao korosho huanza kuingia maghalani, na hapa swali ni mali ni ya nani. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, na leo hutumika pia kwa ufuta na mbaazi. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, chama hupeleka ghala kuu, na mwendesha ghala hutunza mzigo mpaka uuzwe mnadani na mnunuzi aje kuuchukua. Katika safari yote hiyo mwendesha ghala hamiliki hata kilo moja. Mapato yake ni ada ya utunzaji.

Sasa mtu mwenye ghala la saruji anapopangisha nusu ya nafasi yake kwa msimu, na karani akapokea korosho katika programu ileile kwa bei ya mnada wa wiki iliyopita, mali ya biashara hupanda kwa mamilioni ambayo si yake. Benki ikiona ripoti hiyo itafurahi, mkaguzi hatafurahi. Fungua ghala tofauti katika programu kwa ajili ya mali ya wengine, pokea kwa kilo na magunia, weka gharama sifuri, na liondoe ghala hilo katika muhtasari wa thamani. Uzito ubaki, kwa sababu unawajibika kwao, fedha isiwepo. Kama umenunua korosho kwa mnada na zikawa zako, uzihamishe kwa hati kutoka ghala la wengine kwenda ghala lako, kwa bei uliyolipa pamoja na tozo na makato yaliyokuhusu.

Uzito wa korosho unapungua na hakuna mlango uliovunjwa

Korosho ghafi hukauka ghalani, na kila aliyefanya kazi chamani anaijua hoja ya unyaufu. Kwa bahati mbaya neno hilo hutumika kufunika kila upungufu, ilhali unyaufu unaweza kukokotolewa. Kinachopotea ni maji. Kilo za kitu kikavu hazibadiliki. Mzigo wa kilo 10,000 ulioingia na unyevu wa asilimia 10 una kilo 9,000 za kitu kikavu. Ukishuka hadi unyevu wa asilimia 8, hizo 9,000 ni asilimia 92 ya uzito mpya, hivyo uzito mpya ni 9,000 gawanya kwa 0.92, yaani kilo 9,783 hivi. Upungufu unaoelezeka ni kilo 217. Mizani ikisoma 9,600, kilo 183 zilizobaki zinahitaji maelezo mengine: mizani ya kupokelea, magunia yaliyochanika, au mkono wa mtu. Bila kipimo cha unyevu cha siku ya kuingia na cha siku ya kutoka, kilichoandikwa kwenye hati ya mapokezi na ya kutolea, hesabu hii haifanyiki, na mabishano hayataisha.

Katika thamani, unyaufu wa kawaida haupunguzi fedha. Idadi ya kilo inapungua, jumla ya gharama inabaki, na gharama ya kila kilo inapanda. Kama kilo 10,000 ziligharimu 30,000,000, baada ya unyaufu kilo 9,783 zinabeba fedha hiyohiyo, kama shilingi 3,067 kwa kilo. Upungufu usio wa kawaida, ule wa kilo 183, hauruhusiwi kufichwa humo. Hutolewa kwenye mali na kuandikwa hasara ya kipindi husika. Hati ya marekebisho ya idadi katika programu nyingi hushusha idadi na thamani kwa pamoja, kwa hiyo kwa unyaufu wa kawaida tafuta chaguo la kubadili idadi bila kubadili thamani.

Ripoti ya Juni iliyotolewa Julai si sawa na ya Juni iliyotolewa Septemba

Kuna aliyeingiza au kuhariri hati kwa tarehe ya nyuma. Panga miamala kwa tarehe ya kuingizwa badala ya tarehe ya hati, kisha utafute iliyoingizwa baada ya Julai lakini ikibeba tarehe ya Juni. Mara nyingi ni nauli iliyochelewa kuletewa ankara. Funga kipindi kila mwezi unapokamilika, na uhifadhi ripoti ya siku hiyo kama faili lisilohaririwa.

Hesabu zote ni sawa, lakini mali haina bei hiyo

IAS 2 inataka mali ionyeshwe kwa gharama au kwa bei inayotarajiwa kupatikana baada ya kutoa gharama za kuuza, ipi iliyo ndogo, na kwa kawaida ulinganisho ufanywe kwa bidhaa moja moja ili faida ya nondo isifunike uozo wa salfa. Programu haitakuambia kwamba saruji iliyopangwa ukutani imeshika unyevu wa mvua za Desemba hadi Aprili na kuwa jiwe. Salfa ya unga, ambayo wakulima huipulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga inapochipua na kutoa maua katikati ya mwaka, ikibaki baada ya msimu hukaa hadi mwaka mwingine. Ikiwa mfuko uliogharimu 30,000 umeshikana mabonge na sasa unauzika kwa 18,000 baada ya kutumia 1,000 kuuchekecha na kuufunga upya, thamani yake ni 17,000, na 13,000 ni hasara ya mwaka huu, hata kama mfuko bado haujauzwa. Toa ripoti ya umri wa mali kila mwisho wa msimu, uingie nayo ghalani, ushike mifuko ya chini kabisa kwa mkono. Ile ya juu ndiyo inayoonyeshwa wageni.

Tofauti iliyobaki bila chanzo

Itabaki tofauti ndogo hata baada ya yote, hasa inayotokana na kukadiria senti katika wastani. Iandikie hati moja ya marekebisho, kwa tarehe ya leo katika kipindi kilicho wazi, wala si kwa tarehe ya nyuma. Iambatanishe na karatasi ya kuhesabia mali yenye saini za waliohesabu, na iidhinishwe na mtu asiyeshika funguo za ghala. Ipeleke katika akaunti yake yenyewe ya tofauti za mali, isichanganywe na gharama ya mauzo, ili mwezi ujao uweze kuona kama kiasi hicho kimerudi, na kama kimerudi kwa ukubwa uleule au kimeongezeka.